Gari la spoti la mtumba linachemsha: tafuta chanzo kabla ya kununua kipuri

Gari likichemsha, wengi huanza kwa kubadilisha thamostati (vali inayofungua na kufunga njia ya maji kwenda rejeta) kwa sababu ni rahisi kuifikia. Lisipopona, inafuata pampu ya maji, kisha rejeta, na mwishowe inagundulika kwamba feni inazunguka kinyumenyume kwa sababu mmiliki fulani wa zamani aligeuza waya zake. Kwenye gari la spoti lililopita mikono kadhaa, mambo ya namna hii ni mengi. Magari haya huguswaguswa: huongezewa nguvu, huwekewa intakula (kipoza hewa ya turbo) kubwa mbele ya rejeta, hubadilishiwa bampa, huvuliwa vifuniko vya chini na visirudishwe. Kwa hiyo kabla ya kushika spana, fahamu kwanza linachemsha wakati gani: kwenye foleni, kwenye mwendo kasi, mlimani, au dakika chache tu baada ya kuwashwa. Ukishalijua hilo, nusu ya kazi imekwisha.

Tahadhari moja, na tunaisisitiza kwa sababu watu huungua vibaya: usifungue kifuniko cha rejeta wala cha tangi la maji injini ikiwa ya moto. Maji yaliyochanganywa nusu kwa nusu na kulanti (dawa ya kupozea injini) huchemka karibu na nyuzi 107 za Selsiasi yakiwa wazi, lakini ndani ya mfumo wenye kifuniko cha bar 1 hayachemki mpaka yakaribie nyuzi 130. Ukifungua yakiwa nyuzi 115, presha inatoka ghafla na maji yanageuka mvuke papo hapo, yakielekea usoni kwako. Subiri mpaka mpira (bomba) wa juu wa rejeta uweze kuminywa kwa mkono mtupu bila kuunguza. Na usimwage maji ya baridi ndani ya injini iliyochemsha. Hedi (kichwa cha injini) ya alumini hupinda au hupasuka.

Je, kweli linachemsha?

Mshale wa dashibodi si kipimo cha kutegemea. Kwenye magari mengi ya miaka ya karibuni umetengenezwa ukae katikati kwa muda mrefu, hata joto likipanda kutoka nyuzi 80 hadi 105 au zaidi, ili dereva asihangaike. Unapoanza kusogea, tayari umechelewa. Chomeka kisomaji cha OBD-II (kifaa cha kusoma kompyuta ya gari) usome joto la maji kwa namba. Magari yaliyouzwa Marekani kuanzia mwaka 1996 yana tundu hilo, na ya petroli yaliyouzwa Ulaya kuanzia 2001. Kwa gari la zamani zaidi, weka geji ya pembeni yenye sensa yake.

Nyuzi 85 hadi 100 ni kawaida kwa injini nyingi. Baadhi ya injini za BMW zenye thamostati ya umeme huachwa zifike nyuzi 105 hadi 110 kwa makusudi zinapoendeshwa taratibu, kwa hiyo angalia kitabu cha gari lako kabla ya kuogopa namba.

Sensa nayo ipimwe. Asubuhi, gari likiwa limelala usiku mzima, washa swichi bila kuwasha injini, kisha linganisha joto la maji na joto la hewa inayoingia. Zinatakiwa kukaribiana, tofauti ya nyuzi 3 au 4 hivi. Zikipishana kwa nyuzi 10 na zaidi, sensa mojawapo inadanganya. Ukitumia kipimajoto cha miale, usipime kwenye alumini inayong'aa kwa sababu kitasoma chini ya joto halisi. Bandika utepe mweusi au pima juu ya mpira.

Kuna dalili moja inayopotosha watu wengi: mshale unapanda, kisha unaanguka ghafla kana kwamba injini imepoa. Mara nyingi maana yake ni kwamba maji yamepungua na sensa imebaki kwenye hewa au mvuke. Zima injini hapo hapo.

Linachemsha kwenye foleni, likikimbia linapoa

Hapa shida ni hewa. Gari likisimama, kinachovuta hewa kupita kwenye rejeta ni feni peke yake. Washa AC: kwenye magari mengi feni inatakiwa kuanza mara moja au baada ya sekunde chache. Isipoanza, angalia fyuzi, kisha rilei, yaani swichi inayowashwa kwa umeme (ibadilishe kwa muda na nyingine inayofanana nayo kwenye boksi hilo hilo), kisha ipelekee feni umeme wa betri moja kwa moja kwa waya wenye fyuzi. Ikizunguka, mota ni nzima na kosa liko kwenye rilei, sensa au waya. Isipozunguka, mota imekufa. Ikizunguka kwa uvivu, mota imechakaa, hata kama inaonekana inafanya kazi. Feni zenye kasi mbili huwa na rezista ya kasi ya kwanza. Ikiungua, feni hukaa kimya mpaka joto lifike juu sana, kisha huanza kwa kishindo.

Kisha pima uelekeo. Feni ikiwa nyuma ya rejeta, sogeza kipande cha karatasi upande wa mbele: kinatakiwa kuvutwa na kunata kwenye mapezi. Kikisukumwa mbali, waya zimegeuzwa, na kila kilomita feni inapingana na upepo. Angalia pia kama kava linaloizunguka feni lipo. Feni isiyo na kava huvuta hewa kwenye duara lake tu, na sehemu nyingine yote ya rejeta inabaki bila kazi.

Gari la injini ya kulala kwa urefu lenye feni ya kuendeshwa na belti lina klachi ya mafuta ya silikoni katikati ya feni. Injini ikiwa ya moto na imezimwa, sukuma pangaboi (mapanga ya feni) kwa mkono: inatakiwa kukaza na kusimama kabla ya kumaliza mzunguko mmoja au zaidi kidogo. Ikiendelea kuzunguka kwa ulaini, au ukiona unyevu wa mafuta katikati ya klachi, silikoni imevuja.

Linachemsha kwenye mwendo kasi

Gari likishavuka kilomita 50 au 60 kwa saa, upepo wa safari hufanya kazi kubwa kuliko feni. Likichemsha hapo, acha feni. Ama hewa haipiti kwenye rejeta, ama maji hayazunguki vya kutosha.

Anza na hewa, kwa sababu hapa ndipo magari ya spoti yanapotofautiana na mengine. Pua zao ni fupi na rejeta zao hujificha. Porsche Boxster 986 na 911 ya 996 zina rejeta mbili nyuma ya matundu ya pembeni ya bampa, kila moja ikiwa na kondensa (kipoza gesi) ya AC mbele yake, na majani makavu hujaa humo bila mtu kuyaona. Ukimulika kwa tochi kutoka nje utaona kondensa tu. Uchafu mbaya zaidi umekaa kati ya kondensa na rejeta. Vua bampa. Osha kwa maji ya presha ndogo kutoka nyuma kwenda mbele, kwani presha kubwa hulaza mapezi na kuziba njia uliyotaka kuifungua.

Kifuniko cha chini ya injini nacho wengi hukidharau. Kazi yake si kuzuia matope tu. Hewa ikipita kwa kasi chini yake, nyuma ya rejeta panabaki na presha ndogo, na hiyo ndiyo inayovuta hewa ipenye kwenye mapezi. Kikivuliwa, hewa ya chini huingia chumba cha injini, presha ya nyuma ya rejeta inapanda, na upepo wa mbele unachagua kupita pembeni. Vivyo hivyo sponji na plastiki za kuziba nafasi kati ya bampa na rejeta: bila hizo, hewa hupita pale ilipo na wepesi. Gari lenye intakula ya mbele iliyoongezwa linahitaji hivi vyote viwepo, maana hewa inayofika kwenye rejeta tayari imepashwa moto.

Hewa ikiwa sawa, geukia maji. Injini ikiwa na joto kamili na thamostati imefunguka, pima kwenye mpira wa kuingia rejeta na wa kutoka. Tofauti ya nyuzi 5 hadi 15 ni ya kawaida. Tofauti ikiwa ndogo sana huku injini inazidi kupanda, maji yanapita lakini hewa haichukui joto: rudi kwenye njia ya hewa na mapezi. Ikiwa kubwa, nyuzi 25 na zaidi, maji yanakwenda polepole mno: pampu dhaifu, thamostati isiyofunguka yote, au rejeta iliyoziba ndani. Pitisha kipimajoto uso mzima wa rejeta. Sehemu yenye ubaridi wa ghafla ina mirija iliyoziba. Rejeta iliyowahi kutiwa unga wa kuziba matundu huwa hivi, na hita huziba pamoja nayo.

Mwambie mtu akanyage mafuta hadi mizunguko 3000 ya injini kwa dakika huku ukitazama mpira wa chini. Ukijikunja kama mrija unaofyonzwa, umelainika au springi yake ya ndani imeoza, au rejeta imeziba na pampu inavuta pasipotoka kitu.

Pampu yenyewe huweza kuwa kavu kwa nje na mbovu kwa ndani. Pangaboi zake za plastiki hupasuka au huteleza kwenye shafti, za chuma huliwa na kutu. Dalili yake nzuri ni hita: ikipuliza baridi injini ikiwa sailensi (ikinguruma bila kukanyagwa mafuta) na moto ukikanyaga mafuta, mzunguko ni dhaifu au maji yamepungua. Injini za BMW kama N54 ya 335i zina pampu ya umeme isiyo na belti, nayo hufa bila kuonya. Soma misimbo ya hitilafu kwa kisomaji cha OBD-II kabla ya kufungua chochote.

Linachemsha muda mfupi baada ya kuwashwa

Thamostati iliyonasa ikiwa imefungwa huonekana hivi: mpira wa juu unaunguza, wa chini bado ni wa baridi, na namba zinapanda kupita 105. Itoe uitumbukize kwenye sufuria ya maji, imening'inizwa kwa uzi isiguse chini, pamoja na kipimajoto. Itaanza kufunguka kwenye nyuzi zilizochongwa juu yake, mara nyingi 82 au 88, na kufunguka kabisa nyuzi 10 hadi 15 baadaye. Ikichelewa au ikifunguka nusu, itupe. Unapofunga mpya, springi huelekea upande wa injini, na kitundu kidogo chenye kipini cha kuchezacheza kiwe juu ili hewa ipite.

Kuitoa thamostati na kuacha pakiwa patupu ni kosa linalorithiwa na wanunuzi wengi. Injini nyingi zina thamostati yenye sahani ya pili, ambayo huziba njia ya mkato maji yanapokuwa moto. Ukiiondoa, njia ya mkato inabaki wazi na sehemu ya maji inarudi kwenye injini bila kupita rejeta. Kwenye mwendo mdogo injini haipati joto, kwenye mlima inachemsha. Ukiona gari linachukua zaidi ya dakika 15 za kuendesha kufika nyuzi 80, shuku kwamba thamostati haipo au imenasa wazi.

Maji yanapotelea wapi

Nunua au azima pampu ya kupimia presha ya mfumo. Injini ikiwa baridi, jaza hadi presha iliyoandikwa kwenye kifuniko, kwa kawaida bar 0.9 hadi 1.1, usizidishe, kisha subiri dakika 15. Mshale usishuke. Ukishuka, fuata unyevu: kitundu cha chini ya pampu ya maji, maungio ya plastiki na alumini ya rejeta, mirija midogo ya kupoza turbo, na zulia la miguuni upande wa hita. Madoa meupe au ya rangi ya kulanti yaliyokauka huonyesha uvujaji unaotokea kwenye moto tu. Kifuniko nacho kipimwe kwa kifaa hicho hicho. Kikiachia kwenye bar 0.5, maji yatachemka mapema hata kama kila kitu kingine ni kizima.

Plastiki za zamani zisiaminiwe. Tangi za maji za BMW E36 na E46 hupasuka kwenye mshono. Kichwa cha rejeta cha Mazda MX-5 ya kwanza hugeuka kutoka weusi kuwa kahawia, na kikifika hapo kinakaribia kupasuka. Kitangi cha plastiki cha kutenganisha hewa kwenye Mazda RX-7 FD ni cha kubadilishwa kwa cha alumini bila kusubiri.

Hewa iliyonaswa

Magari ya injini ya kati au ya nyuma yana mabomba marefu yanayopita chini ya gari hadi mbele. Toyota MR2 ya kizazi cha pili ni mfano mzuri: ukijaza maji kama unavyojaza gari la kawaida, hewa itabaki kwenye rejeta au hita na injini itachemsha siku hiyo hiyo, halafu pampu mpya isiyo na kosa itasingiziwa.

Jua kwanza ujazo wa mfumo kutoka kitabu cha gari. Ukimwaga lita 10 na zikarudi lita 7 tu, ndani kuna lita 3 za hewa. Hakuna haja ya kubishana. Weka hita kwenye joto la juu, fungua skrubu zote za kutolea hewa, jaza polepole, na zifunge moja moja kila maji yanapotoka bila mapovu. Washa injini, iache sailensi, minya mipira kwa glavu, kisha ishikilie kwenye mizunguko 2000 hadi 2500 muda wa dakika kadhaa. Feni ijiwashe na kujizima mara mbili na hita ipulize moto wakati wote. Acha ipoe kabisa, ongeza maji. Ukiwa na kifaa cha kujazia kwa kufyonza hewa, kitumie: vuta hadi karibu bar 0.8 chini ya presha ya nje, hakikisha mshale hausogei kwa dakika chache, kisha acha kifyonze kulanti chenyewe.

Mchanganyiko uwe nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa madini. Kulanti tupu hubeba joto kidogo kuliko maji, kwa hiyo kuizidisha kunaongeza joto. Usichanganye aina mbili usizozijua. Nyingine hugandamana kama uji mzito na kuziba mirija.

Gasketi ya hedi

Yote yaliyotangulia yakiwa sawa, au linachemsha mlimani na ukikanyaga sana tu, gesi ya mwako inaweza kuwa inaingia kwenye maji. Asubuhi, fungua kifuniko injini ikiwa baridi: ikitoa mvumo wa presha iliyolala usiku kucha, ni dalili mbaya. Washa, shika mpira wa juu: ukikaza kama jiwe ndani ya dakika moja, kabla maji hayajapata joto, hiyo ni gesi.

Thibitisha kwa kipimo cha kemikali. Punguza maji kidogo yasifyonzwe kwenye chupa, weka chupa mdomoni mwa rejeta, vuta hewa kwa dakika mbili tatu injini ikiwa inanguruma na ina joto. Dawa ya bluu ikigeuka njano, gesi imo. Kisha tafuta silinda: toa plagi, iliyo nyeupe safi kuliko wenzake imekuwa ikioshwa na mvuke. Peleka pistoni juu kwenye mgandamizo, ingiza hewa ya bar 6 au 7, na tazama mdomo wa rejeta kama unatoa mapovu. Utando wa maziwa chini ya kifuniko cha oili pekee usikutishe, kwani safari fupi nazo huuleta. Oili ya kwenye dipstiki ikiwa maziwa ndiyo hukumu.

Injini za rotari (zenye rota zinazozunguka badala ya pistoni, kama ya RX-7) hazina hedi, ila zina mipira ya kuzuia maji kati ya sahani zake, nayo huungua haraka joto likipita kiasi. Mapovu mara tu baada ya kuwasha, moshi mweupe asubuhi na taa ya maji kuwaka mara kwa mara humaanisha mipira hiyo. Kipimo cha kemikali hufanya kazi kwao vilevile.

Kabla ya kuvua hedi ya gari lililoongezewa nguvu, pima mchanganyiko wa petroli na hewa. Injini ya turbo inayopewa petroli kidogo chini ya mzigo, au iliyocheleweshwa muda wa cheche, hutoa joto ambalo rejeta nzima haiwezi kulimudu. Chini ya presha ya turbo, nyingi hutakiwa kuwa kati ya sehemu 11 na 12 za hewa kwa 1 ya petroli. Kichujio cha ekzosi (katalisti) kilichoziba nacho hufanya vivyo hivyo: funga geji kwenye tundu la sensa ya oksijeni ya mbele, kwenye mizunguko 2500 isizidi bar 0.2.

Ukimaliza kutengeneza, endesha dakika 30 ukisoma namba, pamoja na mlima mmoja mrefu, kisha simama dakika 10 sailensi huku AC ikiwaka. Joto lipande na kushuka kwa kufuata feni, lisitambae juu taratibu. Bandika utepe kwenye tangi usawa wa maji yakiwa baridi, na ulitazame kila asubuhi kwa wiki nzima.